Matandiko ya Verediana

Bismillahi. Sogeeni, wanangu, mkae karibu, maana sauti yangu ya leo haifiki mbali. Hamdani, usisimame hapo mlangoni, chukua kigoda uketi. Na wewe Zuwena, nipandishie kidogo huu mto mgongoni, halafu mkono wako uuache hapa hapa juu ya wangu. Nilimsikia daktari akikunong'oneza pale wodini kwamba mzee arudi tu nyumbani akapumzike, akidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Moyo umechoka, maji yameshukia miguuni, na mimi Mwinshehe niliyewavalisha viatu watu wa Ujiji hii kwa miaka arobaini, leo sina kiatu kinachoniingia. Nimeyapokea. Ninachowaomba ni mnisikilize hadi mwisho, na asiyekubaliana na ninayosema ayameze kwanza, kwa sababu nikikatizwa sitapata nguvu ya kuanza upya.

Habari ya mali ni fupi. Nyumba hii ya Kitongoni na shamba la michikichi kule bondeni ni vyenu, mgawane kama sheria yetu inavyoelekeza; Maalim amekwisha kuandika, na Mzee Bonifasi, jirani yetu, ametia sahihi kuwa shahidi. Kinachobaki ni hicho chumba cha mbele, karakana yangu: benchi, cherehani ya kushonea ngozi, kalibu za mbao za kuumbia viatu, na yale makaratasi ya maboksi yaliyofungwa kamba juu ya kabati. Sheria inaniruhusu kumpa theluthi ya mali yangu mtu asiye mrithi. Theluthi yangu ni chumba hicho na kila kilichomo ndani yake. Nimempa mwanamke anayeitwa Verediana, anayeishi Rumonge, huko Burundi.

Zuwena, naona unamtazama kaka yako. Wewe ulikuwa Tabora ukisomea unesi miaka ile, na hakuna aliyekuandikia habari hii, kwa hiyo nitaieleza kama ilivyokuwa. Hamdani anaijua nusu yake. Nusu nyingine sikumwambia hata yeye.

Mama yenu alifariki mwaka tisini na mbili, hilo mnalikumbuka. Mwaka wa pili wake vita vikawaka Burundi, na watu wakaanza kushuka kwetu kwa maelfu, wengine kwa mitumbwi kando ya ziwa, wengine kwa miguu milimani. Wengi walipelekwa makambini. Wachache walipenya mjini, wakapanga vyumba, wakatafuta vibarua, na sisi tulinyamaza kwa kuwa nao walinyamaza. Verediana alikuwa mmoja wao. Alipanga chumba cha uani kwa Mzee Bonifasi. Mumewe aliuawa Rumonge mbele ya macho yake, na mtoto hakujaliwa. Alitembea siku saba akipanda na kushuka vilima, akiikwepa barabara, mpaka akatokea Manyovu, upande wetu wa mpaka, na viatu alivyokuwa amevaa vilikuwa viatu vya marehemu mumewe.

Viatu hivyo ndivyo vilivyomleta kwangu. Asubuhi moja ya mwaka tisini na nne aliviweka juu ya benchi, akaniamkia kwa adabu, akasema soli imeachia. Vilikuwa viatu vya mwanamume, vikubwa, na yeye mguu wake mdogo. Nikaingiza mkono ndani nikakuta kitu kimejaa, nikakitoa ili nikitupe.

Akasema, "Oya, hapana, Fundi. Hicho usikitupe. Hicho ndicho kilichonifikisha."

Nikakitazama vizuri. Alikuwa amepanga maganda makavu ya mgomba, moja juu ya jingine, akayabana kwa kipande cha blanketi juu na kipande cha gunia chini, na pale penye uvungu wa unyayo ameongeza kifungu kidogo kama yai la kuku lililobonyezwa. Mshono ulikuwa wa mzunguko, unaanzia katikati na kwenda nje, kwa uzi uliochomolewa kwenye gunia lile lile. Nimekuwa fundi viatu tangu nikiwa kijana, baba yangu alikuwa fundi viatu, na sote tulijua soli ya nje tu, ile inayokanyaga chini. Ndani ya kiatu tulikuwa tunabandika kipande cha ngozi, basi. Haikuwahi kunijia akilini kwamba mguu nao unahitaji kulalia kitu.

Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema hakujifunza popote. Kisigino kilimuuma siku ya kwanza, akaweka ganda, siku ya pili uvungu ukamuuma, akaongeza, na siku ya tatu ganda lilikuwa linateleza, akalifunga. Kila alipopumzika alifungua na kurekebisha. Nikamwambia aje kesho yake. Akaja kesho yake, na siku iliyofuata, na akaendelea kuja kwa miaka mitatu.

Wanangu, nataka mwelewe jinsi kazi ile ilivyokuwa, kwa sababu haya ya kulaza mguu ndani ya kiatu leo watu wanayaita matandiko ya Mzee Mwinshehe, na mmekula na kusoma kwa hayo. Maganda ya mgomba yalikuwa yanavunjika baada ya mwezi. Mimi nikafikiria zile nyuzi zinazobaki watu wakishakamua mawese, ambazo kina mama wanawashia moto. Bonifasi alikuwa mfanyabiashara wa mawese, kwake zilijaa uani, tukazichukua bure. Tandiko la kwanza tulimpa karani mmoja wa bandarini. Wiki moja hivi baadaye alikuja amekasirika, akasema akivua viatu mlangoni mwa msikiti anavikuta vimejaa sisimizi, na waumini wameanza kuviweka vyao mbali na vyake. Mafuta yalikuwa hayajatoka. Verediana alicheka siku ile mpaka akashika ukuta. Nilikuwa sijamsikia akicheka. Nilikuwa hata mimi mwenyewe sijacheka tangu nimzike mama yenu.

Tukaanza kuzichemsha nyuzi kwa maji ya majivu, tukazisuuza ziwani, tukazianika, tukazichana kwa kitana cha mbao. Safu moja tukazipanga kwa urefu, safu ya pili kwa upana, zikatizane, ili mguu ukisukuma upande wowote zisikimbie. Chini gunia lililopakwa uji mzito wa muhogo ukakauka na kuwa mgumu. Juu kitambaa cha pamba kinachotoka na kufuliwa. Tukakandamiza kwa jiwe siku mbili. Tulikosea tena: muuguzi mmoja wa hospitali tulimwinulia uvungu mno, akachechemea siku nne, akarudi na tandiko mkononi. Hapo Verediana akasema hatuwezi kukata kwa kukisia. Akaniagiza mchanga wa ziwa, mbichi, nikauleta kwa ndoo, akaumwaga kwenye sinia pana na kuusawazisha kwa ubao. Kila mteja akawa anakanyaga pale. Yeye anachuchumaa, anautazama unyayo, halafu anamwambia mtu, "Wewe unaegemea nje. Goti la kulia linakuuma ukipanda ngazi." Na mtu anabaki kinywa wazi kwa kuwa ni kweli. Kisha anachora mguu ule kwenye karatasi ya boksi, anaandika jina, anatia alama mahali pa kuongeza na mahali pa kupunguza. Hayo ndiyo makaratasi yaliyo juu ya kabati. Yeye ndiye aliyeyachora. Wabeba mizigo wa bandarini, kina mama wa dagaa wanaosimama kutwa pale Kibirizi, wazee wenye kisukari wasiosikia tena vidole vyao, wote wamo humo. Tukatengeneza na ya makubadhi, na ya sapatu za nyumbani kwa wazee. Mimi nilikuwa nakata na kushona. Kichwa cha kazi kilikuwa chake.

Nipe maji kidogo, Zuwena. Kidogo tu. Inatosha.

Mtu akikaa na mwenzake benchi moja miaka mitatu, anajua mengi bila kuuliza. Nilijua kwamba hagusi ndizi za kuchoma kwa sababu ndizo alizokuwa anachoma mumewe. Nilijua kwamba mvua ikipiga bati kwa nguvu mikono yake inasimama, nami nilikuwa nasimamisha cherehani mpaka mvua ipungue. Saa saba alikuwa anakula chakula chake upande wake na mimi changu upande wangu, na ilipofika mwaka wa pili tukawa tunakula sahani moja. Hakuna neno baya lililopita kati yetu, hilo nawaapia nikiwa hapa nilipo. Lakini jioni alipofunga kanga yake na kwenda kwa Bonifasi, nyumba hii ilikuwa inakuwa kubwa. Nilitaka kumwoa. Dini yetu haikatazi. Nilijiambia nitasema baada ya Ramadhani, Ramadhani ikapita, nikajiambia baada ya Idi Kubwa, nayo ikapita.

Kilichonizuia, Hamdani, unakijua. Siku ile umetoka bandarini ukatukuta tunakula, ukasubiri aondoke, ukaniambia, "Baba, kaburi la mama bado bichi, na wewe unatuletea mkimbizi? Tena Mkristo?" Ulikuwa na miaka ishirini na moja. Sikukujibu. Nilitakiwa nikujibu kama baba, nikukalishe chini, nikueleze. Niliinuka nikaenda kunawa mikono.

Sasa ikaja ile siku. Mwaka tisini na saba, mwishoni, ilitoka amri kwamba wote waliotoka ng'ambo ya mpaka na wanaishi mijini na vijijini wakusanywe wapelekwe makambini. Mlisikia habari zake. Walichukuliwa hata watu waliokuwa wamekaa kwetu miaka ishirini na zaidi, wenye mashamba na wajukuu. Siku mbili kabla askari hawajafika mtaani kwetu, Mzee Bonifasi alikuja akakaa kwenye benchi langu, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, nimeongea na wakubwa wa mtaa. Mwanamke aliyeolewa na mwenyeji hawamgusi. Mimi kesho nasafiri kufuata mawese. Wakija, sema ni mkeo. Ukishasema, ukafunge ndoa wiki ijayo, nani atakuuliza?" Nikamwambia nimesikia. Nilikaa siku mbili na jibu lile kifuani, na nawaambia wanangu, nililifurahia. Nilijiona kama mtu aliyerahisishiwa jambo.

Wakaja saa nne asubuhi. Askari wawili na mtu wa ofisi mwenye daftari. Verediana alikuwa anashona, mimi nilikuwa nimesimama kwenye kalibu na msharasi mkononi nikitoboa ngozi. Na wewe, Hamdani, ulikuwa mlangoni na marafiki zako wawili, mmekuja kutazama. Yule wa daftari alikuwa mtu mpole, nasema haki yake. Aliniamkia shikamoo. Akamwangalia Verediana, akaniangalia mimi, akauliza, "Mzee, huyu ni nani wako?"

Nadhani naye alitaka niseme. Aliuliza kama mtu anayekufungulia mlango. Verediana hakuinua kichwa, lakini sindano ilisimama. Nikainua macho nikakuona wewe mlangoni, mwanangu, na wale wenzako, na nikaiona kesho yake barazani, watu wakisema Mwinshehe kaoa mkimbizi. Nikasema, "Ni mfanyakazi tu."

Ndiyo hivyo. Maneno matatu. Sikulazimishwa na mtu.

Yule mtu wa daftari alingoja kidogo, kama amenipa nafasi ya kukumbuka vizuri. Kisha akaandika. Verediana alichomeka sindano kwenye tandiko alilokuwa anashona ili isipotee, akaliweka juu ya benchi upande wangu, akakunja kitambaa cha mapajani akakiweka juu yake. Askari akamwambia abebe vyake. Akasema vyake ni yale makaratasi, akayanyooshea kidole. Askari akasema lori halina nafasi ya maboksi. Akatoka. Alipopita karibu yangu hakunitazama vibaya. Alipita kama mtu anayepita karibu na ukuta. Nilisikia lori likiwaka, nikabaki nimesimama pale na ule msharasi hadi mkono ukafa ganzi.

Hamdani, usilie sasa. Nimesema nitamaliza.

Bonifasi aliporudi kutoka safari alikuta chumba cha uani kiko wazi. Alinijibu salamu zangu, yule si mtu wa kumnyima mtu salamu, lakini mwaka mzima hakuketi tena kwenye benchi langu. Nami nikaendelea na kazi, ningefanya nini? Nilipika mwenyewe, nikala mwenyewe. Nilikuwa na makaratasi yake, nikakata kwa kuyafuata. Mteja mpya akija, nilimkanyagisha mchanga, nikachuchumaa kama yeye, nikaona mguu tu. Sikuona goti wala kiuno. Nikawa nakisia. Watu walishukuru kwa sababu hawakujua kwamba kuna aliyekuwa anajua zaidi.

Halafu ikaja ile habari ya maonesho. Walikuja wageni wa mradi fulani, wakayapenda matandiko, wakayapeleka kwenye maonesho ya Nanenane, nikapewa cheti chenye neno mbunifu na jina langu chini yake. Mama mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Mzee, wazo hili ulilipata wapi?" Nikasema nililipata mwenyewe, kwa uzoefu. Cheti kile mnakiona ukutani pale karakana, kwenye fremu. Sikukitundika mimi, alikitundika Hamdani kwa furaha, na sikuwa na uso wa kumwambia akiondoe. Kila siku nimekaa chini yake.

Mwaka tisini na tisa nilikwenda kambini, huko upande wa Kasulu. Hilo hakuna anayelijua. Niliwaaga kwamba nakwenda kununua ngozi. Nilipata kibali, nikapanda lori la mahindi, nikauliza kwa Verediana wa viatu, na ajabu ni kwamba watoto walinipeleka moja kwa moja. Alikuwa chini ya banda la turubai na wanawake sita, kila mmoja ana sindano. Walikuwa wanachambua magunia ya msaada na mablanketi yaliyochakaa, na sinia la mchanga lilikuwepo, ingawa ulikuwa mchanga mwekundu wa porini. Aliponiona akasimama, akafuta mikono.

"Amahoro, Fundi. Wazima nyumbani?"

Nikasema wazima. Nikakaa. Akaniletea maji. Nikamwambia, "Nimekuja kukuomba turudi."

"Nirudi kama nani?"

"Kama mke wangu."

Wale wanawake waliacha kushona. Yeye akasema bila hasira, "Fundi, mimi siku ile nilikuwa nimekwisha kulisikia hilo neno. Bonifasi aliniambia pia. Nilikaa na sindano mkononi nalingoja. Nililingoja mpaka lori lilipopita Gungu." Akatazama pembeni. "Sasa nimeacha kungoja. Hawa nimewaanzia kazi, siwezi kuwaacha katikati. Nenda nyumbani, una watoto."

Nikaomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na mimi sikumdai aseme. Niliinuka kuondoka, nikapiga kama hatua tano, akaniita. "Fundi, vua kiatu." Nikavua. Akaingiza mkono, akalitoa tandiko nililojishonea mwenyewe, akaligeuza, akatikisa kichwa. "Uvungu umeuweka nyuma mno. Ndiyo maana unachechemea." Akafumua mishono kama kumi, akakisogeza kile kifungu mbele upana wa kidole kimoja, akashona upya, akanirudishia. Nikavaa. Nikatembea kutoka pale hadi kwenye lori bila maumivu, na wanangu, ningependa yangeniuma.

Miaka ikapita tena. Burundi kukatulia, misafara ya kuwarudisha watu ikaanza. Nikasikia kwamba watu wa kambi ile watapitia Manyovu siku fulani. Nikaenda. Nilisimama kando ya barabara tangu asubuhi na chupa ya chai na andazi kwenye karatasi. Yalipita malori mengi, watu wakiimba, vitanda na kuku na madebe vimefungwa juu. Nilitazama kila uso nilioweza. Vumbi lilikuwa jingi. Sijui kama alipita nisimwone, au alipita akaniona akanyamaza, au hakuwemo siku ile. Lori la mwisho lilipopita nilikunywa ile chai mwenyewe, imepoa, nikarudi Ujiji. Baadaye Bonifasi, ambaye biashara ya mawese ilikuwa imemrudisha Rumonge, alinieleza kwamba yupo, ana kibanda karibu na soko, anawatengenezea matandiko wakwezi wa michikichi, na ana wanafunzi. Nilimuuliza kama aliniulizia. Bonifasi hajui kusema uongo. Akasema hapana.

Sasa nakuja kwako, Hamdani. Siku ile ya lori nilipoingia ndani nilikuchukia. Miaka kumi na miwili nimekuchukia kimya kimya, mwanangu wa kuzaa. Ulipooa nilikuja, nikakaa dakika chache, nikaondoka kabla pilau halijapakuliwa, nikasema nina homa. Sikuwa na homa. Uliponiletea mjukuu nilimpokea kwa mkono mmoja. Ulikuwa unakuja kila Ijumaa na samaki, unaketi, unazungumza peke yako, na mimi najibu ndiyo na hapana, na wewe ukadhani ni uzee. Nilihitaji mtu wa kumbebesha, nikakubebesha wewe, kwa kuwa ulikuwa umesimama mlangoni. Lakini wewe siku ile hukusema kitu. Ulikuwa kijana uliyefiwa na mama, ulisema neno la uchungu mwaka mmoja kabla, na kijana husema. Mimi nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, nimeulizwa mimi, kinywa kilikuwa changu. Nakuomba radhi, mwanangu. Lete mkono wako. Lete huku. Ah, mikono yako imekuwa migumu, sikuwa najua.

Basi haya ndiyo nayaagiza, na myashike kama nilivyoyasema.

Hicho cheti mkiondoe ukutani leo, nikiwa bado nasikia msumari ukitoka. Kibao cha nje chenye jina langu mkifute, na atakayeuliza matandiko yale ni ya nani, mtaje Verediana kwa jina lake, muwaambie ndiye aliyeyabuni, na mimi nilikuwa mshonaji wake. Yale makaratasi msiyafungue wala msiyapunguze. Hamdani, utakwenda nayo Rumonge wewe mwenyewe, usimtume mtu, Bonifasi atakuonyesha njia. Ukimkuta, mwamkie kama unavyomwamkia mama yako. Mpe makaratasi, mpe barua ya Maalim inayosema chumba ni chake, akitaka aje afanyie kazi, akitaka auze. Usimwombe anisamehe. Nilikwisha kuomba, na jibu ni lake. Mwambie tu kwamba nililisema mbele yenu, mchana, milango ikiwa wazi: nilitaka awe mke wangu, na nilimkana. Akikikataa chumba, usimbembeleze. Mwachie makaratasi yake, urudi.

Na kama atakuja, Zuwena, wewe utampokea. Asilale kwa Bonifasi tena. Alale humu ndani.

Mimi mnizike karibu na mama yenu. Alikuwa mke mwema, na haya niliyoyasema hayampunguzii chochote. Matanga yasiwe marefu, msichinje ng'ombe, watu wa mtaa wana shida zao. Kalibu ndogo... zile za miguu ya watoto... hapana, nazo ni zake. Niliwaambia vyote vilivyomo. Vyote.

Zuwena, pumzi inakata. Usiogope. Nishike tu.

Mungu awajalie wanangu. Awape riziki ya halali... awape watu wa kukaa nao. Awape ujasiri wa kujibu mnapoulizwa. Zuwena, Mungu akupe wagonjwa wanaopona. Hamdani... Mungu akupe watoto wanaozungumza na wewe. Nimewaridhia nyote wawili. Nimewaridhia kabisa, hakuna kilichobaki.

Zuwena, unataka kwenda kuweka chai? Usiende. Acha chai. Miaka yote hii nimekaa chumba cha mbele nikisikia watu wakipita barabarani, namjua kila mmoja kwa mwendo wake, huyu anaburuza, huyu anakanyaga nje... na wote walikuwa wanapita. Nilikuwa nawasikia hadi wanapotelea kule chini... ziwani. Hakuna aliyekuwa anaingia, kwa sababu sikumkaribisha mtu.

Leo mmeingia. Sogea, Hamdani... na wewe pia. Msinisemeshe. Kaeni tu hapo mlipo.

Kaeni.